Uzoefu wangu na vitufe vya kikokotoo cha Kisovieti, Elektronika MK-61

Mtu aliyezoea vikokotoo vya kawaida, akishika Elektronika MK-61 kwa mara ya kwanza, atatafuta kitufe cha alama ya sawasawa wala hatakiona, kwa kuwa hakipo. Kikokotoo hiki cha Umoja wa Kisovieti wa miaka ya 1980 hutanguliza namba na kuacha alama ya hesabu ije nyuma: ili kupata (12 + 8) × 3, ninabonyeza 12, В↑ (kitufe cha kuingiza namba), 8, +, 3, kisha ×, na 60 inatokea bila mabano yoyote. Changu nilikinunua kikiwa kimetumika, na sasa mabano ya vikokotoo vingine naona yananichelewesha.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi kitufe kimoja kinavyoweza kubebeshwa kazi hadi tatu. Kazi ya kwanza imeandikwa kwenye kitufe chenyewe. Nyingine zimechapwa juu yake kwa rangi, za njano zikiitwa kwa kubonyeza kwanza F, ambacho nacho ni cha njano, na za buluu kwa K. Kwa hiyo 7, 8 na 9 zikitanguliwa na F huwa sin, cos na tg (ndivyo Warusi waandikavyo tan), na alama ya kutoa hutafuta kipeuo cha pili. Rangi hizo humwongoza hata asiyejua Kirusi. Vifupisho ndivyo vinavyosumbua: С/П ya kuanzisha na kusimamisha programu, БП ya kurukia hatua nyingine ya programu, ПП ya kwenda kwenye programu ndogo, vyote ni vya kukariri. Swichi ya pembe, Р–ГРД–Г, ni mtego hasa, maana Р ni radiani na Г ndiyo digrii, ilhali ГРД ni gradi, kipimo ambacho wengi wetu hatukitumii kamwe.

Ukigawanya kwa sifuri, kioo cha kijani huandika ЕГГ0Г badala ya ERROR (kosa), kwa sababu vijistari vyake haviwezi kuchora herufi R. Mimi hunichekesha kila mara.

Programu inaweza kuwa na hatua 105, lakini yote hufutika ukizima, na kioo hicho hunyonya betri zake tatu za AA upesi. Anayetaka programu zibaki atafute kikokotoo kingine, MK-52, chenye kumbukumbu isiyofutika kikizimwa. Anayechagua MK-61 amuulize muuzaji kwanza kama adapta ya umeme imo.