Sindano ya hofu, Montreal, Kanada: nilivyohudumiwa

Tangazo lilibandikwa chuoni: wanatakiwa watu wenye afya njema wachomwe dawa ya kuleta hofu kwa dakika chache. Sikuvutwa na fidia. Mama yangu mkubwa, kule Tanga, alikuwa akishikwa. Yuko jikoni anakuna nazi, ghafla anajishika kifua na kusema anakufa. Nyumbani walisema ni majini, wakamfukizia ubani. Nilitaka kujua alikuwa akisikia nini.

Dawa inaitwa CCK-4, kipande cha kolesistokinini, homoni ambayo utumbo huitoa tukila mafuta. Mwaka 1989 Claude de Montigny, mtafiti wa hapahapa Montreal, alionyesha kwamba ikidungwa mshipani humtia mtu mzima wa afya hofu kali, na kwamba akitangulizwa lorazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, hofu hiyo huzuilika. Ndiyo maana hutumika kujaribu dawa mpya za wasiwasi.

Kwa ukweli wao, watafiti nawapa alama zote. Walinipima moyo, damu na mkojo, tukaisoma fomu ya ridhaa ukurasa kwa ukurasa. Nesi akaniambia, "Itaanza kabla ya dakika kwisha, na itapoa yenyewe. Ukighairi sasa hivi, nauli yako unapata."

Nilikwenda siku mbili: moja ya maji ya chumvi tu, ya kulinganishia, moja ya dawa, na hata nesi hakujua ipi ni ipi. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili sikuhitaji kuambiwa. Joto lilipanda kutoka tumboni, uso ukawaka, pumzi zikagoma, moyo ukapiga hadi masikioni. Saa ya ukutani naiona, nesi namwona, dozi naijua ni mikrogramu 50, na bado mwili wangu wote ulishaamini kwamba nakata roho. Niliung'ang'ania mkono wake. Hakuutoa. Baada ya kama dakika tatu ikaanza kushuka, nikalia. Mama mkubwa hakuwa na saa ukutani wala mtu wa kumwambia itapoa.

Sasa kasoro. Dodoso lilikuwa la Kiingereza na Kifaransa, kila dalili unaipa alama 0 hadi 4, na sikupata pa kuandika kwamba roho iliniruka. Kuhusu ukoo waliniuliza wazazi na ndugu wa tumbo moja tu. Kibaya zaidi, nusu saa baadaye waliniruhusu nirudi peke yangu kwa metro, treni ya chini ya ardhi, mikono inatetemeka, na kesho yake hakuna aliyenipigia kuniuliza nimeamkaje. Kwa kazi nzito kama hii, hilo limenisikitisha.

Jioni ile nilimpigia mama mkubwa, tukaongea saa nzima.

Nitarudi wakiniita. Ila nitakwenda na mwenzangu wa kunirudisha, na habari za mama mkubwa nitawaeleza hata wasipouliza.