Mafundi wa kutoboa tope la asidi Kizota, nawapa nyota nne

Kama una tangi la chuma lililokaa na asidi ya betri miaka na unatakiwa utoe sampuli ya tope la chini, usiite tu fundi yeyote mwenye drili, watafute hawa jamaa wa Kizota hapa Dodoma. Asidi ikila chuma inatoa haidrojeni, haina rangi wala harufu, na hewani inashika moto kuanzia asilimia 4 mpaka 75, yani cheche moja tu imetosha.

Kilichonikosha hawakukimbilia kutoboa. Walifunga waya wa ethi, wakalegeza kizibo taratibuuu kwa spana ya shaba, wakaingiza naitrojeni (gesi isiyoshika moto) toka kwenye mtungi ndo wakapima, na oksijeni wanaipima pia maana vipima gesi vingi vinadanganya oksijeni ikiwa chini, hapo nikajua hawa kazi wanaijua. Drili yao ni ya upepo, inazunguka polepole, wakishuka kidogo wanasimama ncha ipoe.

Nimesoma kemia UDOM na huwa nafuatilia habari za Hanford, kule Marekani jimbo la Washington, kuna matangi 177 ya taka za nyuklia chini ya ardhi. Kule mionzi ndo inavunja maji na kemikali inazaa haidrojeni, inanasa ndani ya tope, tangi la SY-101 lilikuwa linacheua gesi kwa mkupuo mpaka 1993 walipoweka pampu ya kukoroga ili itoke kidogo kidogo. Sasa ukishusha drili kwenye tope gumu kama lile unaifumania gesi ilipojificha na ncha imeshapata moto kwa msuguano, ndo maana kule walikuwa wanapuliza naitrojeni kupitia bomba la drili. Tena gesi ya kule ina naitrasi oksaidi ndani yake, gesi inayolisha moto kama oksijeni, kwa hiyo inaweza kuwaka hata bila hewa ya nje!

Nikamuuliza mkubwa wao, kaka, tope likitema gesi katikati ya kazi? Akasema "bosi, naitrojeni haifungwi mpaka ncha iwe nje kabisa." Jibu sahihi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu vipimo hawaviandiki, wanakutajia tu kwa mdomo, na kazi kama hii karatasi ni lazima, mkaguzi akija unamwonyesha nini? Bei imechangamka kidogo, mtungi wa naitrojeni unalipia pembeni. Bahi na Manyoni wanafika ukiwawekea mafuta ya gari.