Basi Likigeuka Nyumba: Tathmini ya Huduma ya DVLA, Uingereza

Anayenunua basi kuukuu Uingereza ili aligeuze gari-nyumba hupita mikononi mwa DVLA, mamlaka ya leseni na usajili iliyoko Swansea, mara mbili: kwenye leseni ya dereva, kisha kwenye kadi ya gari, ile V5C. Wengi huyachanganya mambo haya. Leseni inaangalia uzito na viti, ilhali kadi inaangalia sura ya gari. Kwa hiyo alama zetu ni mbili: leseni 4 kati ya 5, kadi 2 kati ya 5.

Tuanze na leseni, maana kosa la hapo ni ghali. Daraja B, leseni ya gari dogo, mwisho wake ni kilo 3,500 na viti 8 vya abiria. Kilo hizo si zile za mizani siku hiyo. Ni uzito wa juu kabisa ambao gari limeruhusiwa kuwa nao likiwa limepakia, na namba yake imepigwa chapa kwenye kibati cha mtengenezaji. Ukang'oa viti vyote na kupeleka vyuma kwa wanunuzi wa chakavu, namba ya kwenye kibati inabaki vilevile. Mabasi madogo mengi ya viti 17 yamevuka 3,500 tangu kiwandani. Kati ya 3,500 na 7,500 unatakiwa uwe na C1, na zaidi ya hapo ni C. Daraja D la mabasi linategemea viti: vya abiria vikibaki 8 au pungufu, gari linatoka D na kuhesabiwa kwa uzito wake.

Mtego uko siku ya kununua. Basi likiwa bado na viti vyake ni basi, hata kama mfukoni una mchoro wa jiko na kitanda. Ukiliendesha kwenda nyumbani bila D, au D1 kwa lile lisilozidi abiria 16 na urefu wa mita 8, umeendesha nje ya leseni. Bima inaweza kukukana, na polisi wana mamlaka ya kulichukua gari palepale barabarani. Mwambie muuzaji ang'oe viti kwanza, au tafuta dereva mwenye D, au lipakie kwenye lori. Ukiving'oa, ondoa na reli zake sakafuni. Viti vinavyobanwa tena kwa dakika tano vinakupa kazi ya kujieleza bure.

Waliofaulu mtihani wa gari dogo kabla ya 1 Januari 1997 wana C1 tayari kwenye leseni zao, hadi umri wa miaka 70. Waliokuja na leseni za Kenya, Tanzania au Uganda wana njia ndefu zaidi. Nchi hizi hazimo kwenye orodha ya kubadilishana leseni, hivyo unaruhusiwa gari dogo kwa miezi 12 tangu uanze kuishi huko, kisha unaanza upya kama mwanafunzi. Leseni ya Falme za Kiarabu hubadilishwa, lakini haikupi C1.

Utaratibu wa C1 wenyewe ndio uliotufanya tutoe alama 4. Unajaza fomu D2, daktari anajaza D4 ya afya na macho, unapata leseni ya mwanafunzi ya daraja hilo. Mtihani wa nadharia una maswali 100, unatakiwa upate 85, pamoja na video za kutambua hatari ambazo alama ya kufaulu ni 67 kati ya 100. Halafu kuna sehemu ya kurudi rivasi uwanjani na sehemu ya barabarani. Shule nyingi zitakuuzia na mafunzo ya CPC. Hayo ni ya madereva wa kazi. Kwa safari zako binafsi huyahitaji, usilipe. Ukifika miaka 45, fomu ya afya inarudi kila baada ya miaka 5.

Sasa kadi. Kubadilisha aina ya bodi iwe gari-nyumba ni bure, lakini hakuna njia ya mtandaoni. Unatuma kwa posta V5C iliyosahihishwa, fomu V1006 na picha: nje pande zote namba ikionekana, namba ya chesisi, na kila kitu kilichofungwa ndani. Masharti ya ndani yameandikwa vizuri: kitanda kisichopungua milimita 1,800, viti na meza, kabati, na jiko. Neno la kushika ni kufungwa. Jiko la gesi liwe na angalau plate moja na likazwe sakafuni au ukutani, bomba lake nalo lishikizwe kwenye bodi. Jiko dogo la kubeba la kambini halihesabiki, hata liwe zuri namna gani. Meza inaweza kutolewa, lakini kishikio chake kiwe cha bolti, ribiti au kuchomelewa.

Maombi hukwama kwa sababu ya nje. Wanataka polisi akiliona barabarani ajue mara moja kuwa ni gari-nyumba: angalau madirisha mawili upande mmoja, mlango wa kuingilia sebuleni usio wa dereva wala wa abiria wa mbele, paa refu, reli ya turubai la kivuli, na michoro ya gari-nyumba ubavuni pande zote mbili. Basi lina madirisha ya kumwaga, lakini bado lina sura ya basi. Reli na michoro ndivyo vitu wanavyosahau wengi. Uamuzi kwa kawaida unafanywa kwa picha, na jibu la kukataliwa halikufundishi urekebishe nini. Alama tatu zimeondoka hapo.

Ukikataliwa, gari bado ni halali barabarani. Rekebisha idadi ya viti na daraja la kodi kwenye kadi, kisha waambie watu wa bima kwa maandishi limejengwaje ndani.

Wakazi wa London wapige hesabu kabla ya kutuma. Basi dogo la hadi tani 5 lisilofikia kiwango cha moshi hulipa ULEZ, tozo ya jiji kwa magari yenye moshi mchafu, pauni 12.50 kwa siku. Likiandikwa gari-nyumba na kibati kikasema zaidi ya tani 3.5, linahamia LEZ, tozo ya magari mazito: injini ya kiwango cha moshi cha Ulaya, Euro IV au V, ni pauni 100 kwa siku, na ya chini ya hapo ni 300.