Chai ya asubuhi Beiyuan, Guangzhou: uzoefu wangu kwa wenzangu wa Xiaobei

Wafanyabiashara wengi tunaofikia Xiaobei, mtaa wa mji wa Guangzhou, China, tunafika mjini, tunanunua mzigo, tunarudi nyumbani, na chakula cha Guangzhou chenyewe hatujakionja. Asubuhi mayai na mkate, mchana wali wa kwa Wakongo, usiku samaki wa kukaanga mitaa ya Baohan, kesho yake sokoni tena. Nawaelewa, mzigo hausubiri. Lakini hapo hapo Barabara ya Xiaobei, mwendo wa miguu kutoka kwenye hoteli tunazolala, kuna mgahawa unaoitwa Beiyuan, na mimi nasema bila kusita kwamba chai yake ya asubuhi, yaani chai inayonywewa na vitafunwa vidogo vidogo viitwavyo dim sum, ni kati ya vitu bora ambavyo mji ule unampa mgeni. Nimeandika haya kwa sababu kila nikiwaelekeza watu huwa wanauliza maswali yale yale: tunaagizaje, kuna nguruwe kiasi gani, na ni shilingi ngapi.

Kwanza mahali penyewe. Beiyuan ulianza miaka ya 1920 chini ya kilima cha Yuexiu, na jengo la sasa linatokana na ujenzi mpya wa mwishoni mwa miaka ya 1950 uliochorwa na Mo Bozhi, msanifu ambaye baadaye alichora pia mgahawa wa Panxi upande wa magharibi wa mji. Alikusanya milango, madirisha na mbao za nakshi kutoka nyumba za zamani zilizokuwa zinabomolewa, akazipanga kuzunguka bustani yenye bwawa. Kwa hiyo unakaa kwenye meza, pembeni kuna maji na mimea, na juu ya dirisha kuna vioo vya rangi vinavyopitisha mwanga wa asubuhi hadi kwenye kitambaa cha meza. Ni pakubwa kweli. Unapita ukumbi, unapita daraja, unakuta ukumbi mwingine, na juu kuna vyumba vya faragha vya karamu. Kelele zipo, kama kwenye kumbi zote za aina hii. Wakantoni, yaani wenyeji wa Guangzhou, wakinywa chai wanaongea, na ukumbi uliojaa hauna kona ya kimya.

Wateja wa mapema ni wazee. Wanakuja na magazeti au simu zao, wanaagiza buli moja la chai na vitafunwa viwili, na wanakaa hadi karibu saa sita mchana bila mtu kuwaharakisha. Ukitaka meza bila foleni nenda saa moja asubuhi, saa mbili ukichelewa. Jumamosi na Jumapili familia nzima zinakuja, bibi hadi vitukuu, na hapo utachukua namba na kungoja mlangoni.

Kitu cha kwanza utakachoulizwa ni chai gani, kabla ya chakula chochote. Chai inatozwa kwa kichwa, iwe umekunywa au hukunywa. Hakuna maziwa, hakuna sukari, hakuna tangawizi. Chaguo langu ni pu-erh ya Yunnan, nyeusi, nzito, yenye harufu ya udongo uliolowa mvua, na inasaidia sana kwenye chakula chenye mafuta. Asiyeizoea aanze na chai ya maua ya krisantemamu, ni nyepesi na haina ukali. Utaletewa pia bakuli kubwa tupu. Chai ya kwanza ni ya kusuuzia: unamimina juu ya vikombe, vijiti na vibakuli, unavizungusha ndani ya yale maji ya moto, kisha unayamwaga humo bakulini. Dada anayetusimamia mizigo, Mkantoni aliyejifunza Kiswahili kutokana na sisi wateja wake, aliniwahi mkono: "Mama, hiyo ya kuoshea, usinywe." Mtu akikumiminia, gonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili, ndiyo shukrani yao. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong alitembea kwa kujificha, akawamiminia chai watumishi wake, nao wasiweze kupiga magoti bila kumfichua, wakakunja vidole mezani badala ya magoti. Maji yakiisha kwenye buli, acha kifuniko kikae upande. Mhudumu ataona na kuja bila kuitwa.

Kuagiza: vile vitoroli vya kusukumwa kati ya meza, ambavyo watu wameviona kwenye picha, vimebaki kwa wachache. Hapa siku hizi unaskani msimbo ulioko mezani, na menyu ina picha. Bei inategemea daraja la kitafunwa, kidogo, cha kati, kikubwa, na maalumu. Sisi watu watatu tulikula tukashiba, na kila mmoja hakufika yuan 100.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo.

Anza na har gow, kamba waliofungwa kwenye ngozi ya wanga wa ngano na kupikwa kwa mvuke. Hicho ndicho wenyeji wanachokitumia kumpima mpishi. Ngozi iwe nyembamba kiasi cha kuona wekundu wa kamba ndani, mikunjo iwe mingi na iliyolingana, na ukikiinua kwa vijiti kisichanike wala kisigande kwenye kikapu. Za pale zilikuja nne kwenye kikapu cha mwanzi, zinafuka moshi. Kamba alikuwa mzima, anakatika kwa meno, mtamu wa baharini. Sisi wa pwani tunakula kamba tangu utotoni, tena wakubwa kuliko hao, lakini tunawapika hadi wanakuwa wagumu. Nilipokula pale niliona ni kwa kiasi gani tunawapoteza kwa moto mwingi, na nyumbani nimeanza kuwatoa jikoni mapema.

Kuna cheung fun, unga wa mchele uliokorogwa kwa maji, ukatandazwa mwembamba, ukapikwa kwa mvuke na kuviringishwa na nyama ya ng'ombe au kamba ndani, kisha ukamwagiwa mchuzi wa soya. Inateleza, kwa hiyo shika vijiti vizuri au omba kijiko. Hawakatai na hawakucheki. Kuna wali wa mchele wa kunata uliofungwa kwenye jani la yungiyungi pamoja na kuku. Ukifungua lile jani, harufu yake imeshaingia kwenye kila punje. Huo unashibisha, agizeni mmoja kwa watu watatu.

Na miguu ya kuku. Najua wengi watageuza uso, na wengine watafurahi, maana jioni Dar es Salaam nani hajui miguu ya kuku ya barabarani? Ila hii ni kazi nyingine. Inakaangwa kwanza, inalowekwa kwenye maji mpaka ngozi inavimba na kukunjamana, inachemshwa na viungo, halafu inapikwa kwa mvuke pamoja na maharage meusi yaliyochachushwa kwa chumvi. Inapofika mezani ngozi inaachana na mfupa ukiigusa kwa ulimi. Nilirudia kikapu cha pili, na cha tatu nilikizuia kwa sababu kulikuwa na keki ya mvuke ya sukari guru bado inakuja, laini, yenye matundu matundu, ambayo mtoto yeyote wa Kitanzania angeipenda.

Mikate ya char siu nayo ni mizuri, myeupe, imepasuka juu, ndani kitimoto cha kuchoma chenye utamu. Mimi nakula. Mwenzangu wa safari, Mwislamu wa Tanga, hali, na kwa ajili yake na wenzake niseme wazi: mgahawa huu hauwafai kwa chakula. Nguruwe haonekani tu pale unapomtegemea. Siu mai, vile vifurushi vidogo vya mvuke, ni nguruwe na kamba. Zile har gow nilizozisifu, kwa utaratibu wa zamani huchanganywa vipande vya mafuta ya nguruwe ili kamba asikauke. Keki ya figili ina soseji ndani. Hata kile kikeki cha mayai kwenye ganda la unga, ganda lake mara nyingi hukandwa kwa mafuta hayo hayo. Dada wa mizigo aliuliza jikoni kwa kila sahani, kwa Kikantoni, na jibu la kweli likawa kwamba vyombo ni vile vile na mvuke ni ule ule. Mwenzangu akanywa chai ya krisantemamu, akala matunda, na hakulalamika. Mimi niliumia kwa niaba yake. Mwislamu anayetaka dim sum bila wasiwasi na anapitia Hong Kong, aende Wan Chai, Masjid Ammar, ghorofa ya tano. Kuna kantini ya Kiislamu na vitafunwa hivi hivi vya halali, na watu hupanga foleni hadi nje siku ya Ijumaa na mwisho wa wiki. Kwa Guangzhou yenyewe, siku za kawaida, Xiaobei ina migahawa ya tambi ya Wahui na mikate ya Wauighuri, wote Waislamu wa China, hakuna atakayelala njaa.

Upande wa pili wa migahawa mikubwa ya namna hii ni karamu ya usiku, na hapa maoni yangu yanabadilika. Karamu ninayoisimulia haikuwa Beiyuan. Ilikuwa kwenye ukumbi mwingine mkubwa wa mjini humo, jina naliacha. Mwenye kiwanda alikuwa ametualika mara ya kwanza, nami nikataka kurudisha heshima kwa kumwalika yeye na watu wake. Meza ya duara ya watu kumi, kioo kinachozunguka katikati, mgeni wa heshima amekaa akitazama mlango. Chakula kinakuja kimoja kimoja: vitu baridi, supu, kuku na kichwa chake, kamba, mboga, samaki mzima, na wali au tambi mwishoni kabisa kwa ambaye bado ana nafasi. Samaki anawekwa kichwa kikimwelekea mgeni mkuu, naye ndiye anaanza. Yule samaki wa mvuke, tangawizi na vitunguu vya majani juu, mafuta ya moto na soya vimemwagiwa dakika ya mwisho, sijawahi kula samaki aliyepikwa kwa adabu kama ile.

Lakini bili. Samaki na viumbe wengine hai wa kwenye matangi bei yao huandikwa kwa jin, yaani gramu 500, na hakuna aliyetuambia hivyo wala kutuonyesha mzani. Tulichagua kwa bei tuliyoiona, wakapika samaki wa zaidi ya kilo moja na nusu. Chumba cha faragha kilikuwa na kiwango cha chini cha matumizi ambacho hakikutajwa tulipopiga simu. Karanga zilizokuwa mezani tulipofika, na taulo za kufutia mikono, vyote vilikuwa kwenye bili. Dada wa mizigo alibishana nao mbele ya wageni wangu, jambo ambalo lilinikera kuliko pesa yenyewe, kwa sababu karamu nzima ilikuwa ya kumpa mtu heshima. Wakapunguza ada ya chumba, samaki wakakataa.

Kwa hiyo ukialika karamu, popote pale, uliza mambo hayo matatu kabla ya kuketi, na samaki apimwe mbele yako akiwa hai. Pombe yao ya baijiu ni kali sana. Asiyekunywa ainue kikombe cha chai kwa mikono miwili, akishushe kidogo chini ya glasi ya mkubwa wake, inakubalika kabisa. Nimefanya hivyo mbele ya wazee wa viwanda na hakuna aliyenuna. Kama unataka kula cha usiku bila sherehe, Beiyuan wana kichwa cha samaki wa mtoni ambacho ni kati ya vyakula vilivyoujengea mgahawa jina tangu zamani, pamoja na kuku wa mvinyo wa Huadiao. Watu wawili wanatosha kwa hicho kichwa, na wa pwani watajua wapi pa kuanzia.

Malipo: kadi na pesa taslimu zinawapa shida kidogo wahudumu, kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani weka Alipay au WeChat kwenye simu na uunganishe kadi yako ya Visa. Tangu 2023 imekuwa rahisi kwa wageni. Bahashishi hawadai. Na kama safari yako ni ya Maonyesho ya Canton, yale ya biashara ya Guangzhou, Aprili au Oktoba, mji unajaa wanunuzi wa dunia nzima. Siku hizo nenda katikati ya wiki, ukiwa umeshika namba kabla ya saa moja na nusu, na uagize har gow kwanza kwa sababu zinaisha.