Sinthesaiza ya funguo ngumu: sauti tamu, mkono unalia

Kwa upande wa sauti, sinthesaiza hii (kinanda cha umeme kinachounda sauti) sina neno nayo. Besi imejaa, sauti za nyuzi zinaelea vizuri. Shida ni funguo: 88 za nyundo, yaani zenye uzito wa kuiga piano, nzito kuliko nilivyozoea. Ukibonyeza ukingoni, upande wako, zinakubali. Ukiingia ndani katikati ya funguo nyeusi, ni kama kusukuma mlango uliovimba kwa mvua. Mhimili wa ufunguo, pale unapoegemea ukishuka, uko karibu mno, na kadiri kidole kinavyousogelea ndivyo nguvu inavyohitajika zaidi. Piano kubwa ina funguo ndefu na mhimili uko mbali, kwa hiyo huko huteseki hivi.

Kilichoanza kuuma ni kigasha, upande wa juu, hasa baada ya okteva nyingi mfululizo (noti mbili za jina moja kwa mkono uliotanuka). Wapo walionishauri nikamue vile vifaa vya springi ili vidole vipate nguvu. Sikukubali, mkono umeshachoka, unauongezea kazi ya nini?

Nafuu kubwa imetoka kwenye menyu ya mguso. Sinthesaiza hupima kasi ya ufunguo unaposhuka, na kwenye MIDI, lugha ya mawasiliano ya vyombo vya muziki vya umeme, kipimo hicho huishia 127. Nilipochagua mguso mwepesi, pigo la kawaida likaanza kutoa sauti kubwa, nikaacha kupigilia. Funguo ni zile zile, ila silazimiki kuzipiga kwa hasira. Pia nimezima ule mtindo wa kukandamiza ufunguo baada ya noti kulia ili sauti itetemeke. Mtetemo nautoa kwa gurudumu la mtetemo lililo upande wa kushoto wa funguo. Stendi nimeishusha hadi kifundo cha mkono kikanyooka.

Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zikijaa funguo nyeusi, natumia transpozi, kitufe kinachohamisha noti zote juu au chini, nibaki ukingoni. Wakongwe hutucheka kwa hilo, na wacheke.

Mazoezi marefu nafanyia kwenye kibodi nyepesi ya springi, nimeiunganisha kwa waya wa MIDI, sauti zikitoka kule kule kwenye kubwa. Sauti za piano hupoteza ladha kidogo, maana pigo laini ni gumu kulidhibiti kwenye springi. Sauti za ogani na za sinthi hazina tatizo.

Ila ukihisi ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, achana na menyu, muone daktari. Huenda mshipa wa fahamu unabanwa kifundoni.

Kwa kurekodi studio ningeinunua tena. Anayepiga jukwaani saa nyingi aijaribu kwanza dukani, kidole gumba kikiwa ndani kabisa kati ya funguo nyeusi, asiishie kwenye skeli ya C meja, ya funguo nyeupe tu.