Tuisheni ya mafumbo ya hesabu kwa mtihani wa kujiunga na uuguzi: uzoefu wangu Dodoma

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wale wachache walioko Dodoma, Singida na mikoa jirani ambao, kama mimi, wanaomba nafasi ya kusomea uuguzi nchini Marekani na wameelezwa na chuo kwamba ni lazima wafanye mtihani wa TEAS. Vyuo vyetu vya uuguzi hupokea waombaji wa stashahada kwa kuangalia matokeo ya kidato cha nne, hasa Kemia, Baiolojia na Fizikia, kwa hiyo si rahisi kumpata hapa mjini mtu aliyezoea kuwaandaa watu kwa mtihani wa kujiunga. Huduma ninayoieleza ni tuisheni ndogo ya jioni inayoendeshwa na mwalimu mstaafu wa hisabati nyumbani kwake, maeneo ya Makole, pamoja na kijitabu cha mazoezi ambacho mwanafunzi hukinunua kando ya ada. Mtihani wenyewe sijaufanya bado. Ninachokitathmini ni mafunzo.

Sehemu ya hesabu ya TEAS ina maswali 38 yanayofanywa kwa dakika 57, yaani dakika moja na nusu kwa kila swali, na kati ya hayo ni 34 tu yanayoingia katika alama, ingawa mtahiniwa hawezi kujua ni yapi. Kikokotoo cha kawaida huwekwa kwenye skrini. Kwa sababu hiyo kuzidisha na kugawanya si mzigo mkubwa, na muda mwingi huliwa na kulisoma fumbo, kujua kinachotafutwa na kubadili vipimo. Mwalimu alilielewa jambo hili tangu mwanzo. Hamruhusu mtu kushika kikokotoo kabla hajaandika daftarini kile kinachoulizwa pamoja na kizio chake: ni miligramu kwa siku, ni miligramu kwa dozi, au ni kilo?

Fumbo lililonionyesha thamani ya utaratibu huu lilikuwa la mgonjwa mwenye uzito wa pauni 154, aliyeagiziwa miligramu 5 za dawa kwa kila kilo ya uzito kwa siku, igawanywe katika dozi mbili zilizo sawa. Swali likataka kiasi cha kila dozi. Mwenzetu mmoja alizidisha 154 kwa 5 akapata 770. Mwalimu hakumwambia kwamba amekosea. Alimuuliza tu, "Mwanangu, hiyo 770 ni ya nini? Ni pauni, ni kilo, au ni dawa?" Mwenzetu alikaa kimya, kisha akaanza upya kwa kuandika kizio kando ya kila namba: pauni 154 zikigawanywa kwa 2.2 ni kilo 70, kilo 70 kwa miligramu 5 ni miligramu 350 kwa siku, na nusu yake ni miligramu 175 kwa dozi. Baada ya hapo mwalimu alitusomea majibu ya kuchagua, na humo zilikuwemo 385, ambayo huipata anayesahau kubadili pauni, na 350, ambayo huipata anayesahau kugawanya kwa dozi mbili. Nilitambua kwamba majibu yasiyo sahihi hayakuwekwa kwa kubahatisha, kila moja lina njia yake ya kulifikia, na tangu hapo nimekuwa nikiyasoma kwa uangalifu zaidi. Kwa mtu anayetaka kuja kupima dawa za wagonjwa, naliona hili kuwa zoezi lenye uzito kuliko alama za mtihani.

Nilipenda pia namna alivyotunga mafumbo ya asilimia kwa mambo tunayoyaona hapa. Bei ya kilo ya zabibu ilikuwa shilingi 4,000, ikapanda kwa asilimia 25, kisha ikashuka kwa asilimia 25; sasa ni shilingi ngapi? Wengi hujibu kwamba imerudi palepale, ilhali ni shilingi 3,750, kwa kuwa asilimia ya pili inatolewa katika shilingi 5,000. Mafumbo ya mwendo aliyatunga kwa mabasi ya Dodoma na Singida, kisha akatutaka tuyageuze kwa maili. Uwiano na milinganyo alivifundisha vizuri, na sina la kuongeza hapo.

Kasoro kubwa ni kijitabu. Majibu yako mwishoni bila njia, hivyo anayejisomea nyumbani anajua kwamba amekosa lakini hajui amekosea wapi. Baya zaidi, ukurasa mmoja unatumia galoni moja kuwa lita 4.5 na mwingine lita 3.8. Ya kwanza ni galoni ya Uingereza na ya pili ni ya Marekani, na anayejiandaa kwa TEAS anahitaji ya pili peke yake. Inaonekana mazoezi yalikusanywa kutoka vyanzo tofauti na hakuna aliyeyapitia upya kabla ya kuyapeleka kurudufiwa. Mwalimu alipokea maoni yetu kwa unyenyekevu na kusahihisha kwa kalamu nakala zilizokuwepo, lakini kitu kinacholipiwa kilipaswa kuwa sahihi kabla ya kuuzwa.

Upungufu mwingine ni kwamba grafu na majedwali yaliguswa kidogo sana, ingawa vipimo na takwimu ni sehemu kamili ya mtihani huo. Mazoezi ya kupimiwa muda nayo yalianza karibu na mwisho. Mwanafunzi anayefanya kazi zake taratibu na kwa usafi, kama mwalimu anavyotaka, anaweza kujikuta amejibu kwa usahihi kila swali alilolifikia lakini ameishiwa muda kabla ya kufika la 38. Mimi nilianza kujipimia saa nyumbani kwa simu, nikiandika vizio kwa kifupi badala ya maneno kamili, na kasi iliongezeka bila usahihi kushuka.

Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na kwa kundi dogo linalomwezesha mwalimu kulipitia daftari la kila mmoja naiona kuwa ya haki. Ningemshauri anayepungukiwa katika kuelewa mafumbo ajiunge bila kusita, na yule ambaye tatizo lake ni kasi pekee atafute mitihani ya majaribio yenye muda maalumu. Ukijiunga, usinunue kijitabu siku ya kwanza. Mwombe mwalimu akuonyeshe nakala iliyosahihishwa, uangalie ukurasa wa galoni, ndipo ulipe.