Hema la kukodi Lushoto, nusura nilie

Sikuwa na mpango wa kuandika ila kila nikikumbuka damu inachemka. Mimi na mke wangu tulienda Lushoto miezi kadhaa nyuma, kipindi cha baridi, tukasema tutembee kwa miguu kutoka mjini, tupite msitu wa Magamba, Lukozi, Rangwi mpaka Mtae. Sisi watu wa Dar hema tunatoa wapi, tukakodi kwa jamaa mmoja palepale mjini. Simtaji, anajijua.

Kosa langu, sikulifungua mbele yake. Jamaa ana maneno matamu, "shemeji usiwe na wasi, hili hata mvua ya mawe halistuki", nikalipa, nikaacha na elfu hamsini ya dhamana, tukaondoka.

Sasa pata picha uko Magamba jioni, ukungu umeshuka hata mti wa jirani huuoni, mbega wanaunguruma huko juu, vidole vimekufa ganzi, unamwaga mfuko chini unakuta fito mbili, moja fupi kuliko mwenzake, imeungwa na kipande cha bomba la maji halafu ikafungwa mpira wa baiskeli. Zipu ya mlango inatembea vizuri tu ila haifungi, ukiivuta inaacha mdomo wazi nyuma yake. Nikasema haya, tutavumilia. Ndo mke wangu akaugeuza ule mfuko nje ndani aukung'ute, kwenye mshono kumeandikwa kwa makapeni, herufi kubwa: MBOVU.

Walijua! Yaani mtu kakaa chini, kashika makapeni, kaandika kwa mkono wake, halafu akanipa mimi. Huko sio kusahau. Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye majani, mimi sikucheka na mpaka leo sicheki. Tulilala tumevaa kila kitu tulichobeba, mlango tumeubana na kanga na vibanio vya nguo, umande unadondoka puani tone tone.

Ila hapa ndo nachanganyikiwa. Kijana aliyetuongoza, Msambaa wa hukohuko, alikuja na tochi usiku baada ya kutusikia tunahangaika akasema kama hamlali basi njooni muone. Kinyonga kalala kwenye kijiti, kapauka karibu kuwa mweupe, vipembe viwili puani, mkia kaukunja kama koili ya jiko la umeme. Tukahesabu tisa kwenye njia moja fupi. Hema lingekuwa zima ningekuwa nakoroma saa hizo, huo ndo ukweli. Kesho yake Rangwi tulilala kwa masista, kitanda na blanketi mbili, nikasamehe kidogo. Na Mtae, jamani Mtae! Kijiji kimekaa mgongoni mwa mlima, mbele ya miguu yako ardhi inakatika, unaona tambarare za Mkomazi chini kama uko kwenye ndege. Mke wangu alinyamaza, na huyo si mtu wa kunyamaza.

Basi tumepanda basi la alfajiri kurudi, nimeshapoa kabisa, naenda kuchukua dhamana, jamaa anakagua hema ananiambia "kaka zipu imeharibika, dhamana hairudi." Zipu! Nikamwekea mfuko mezani. Akausoma kama ndo mara ya kwanza anauona, akasema aah huo ni mfuko wa hema la zamani, lilikufa. Mke wangu akamuuliza kwa upole kabisa, "Na fito zake?" Kimya. Akahesabu elfu thelathini, ishirini "njoo kesho", wakati anajua sisi tunashuka Mombo kuwahi gari la Dar.

Nilitaka kumpa nyota moja. Mke wangu anasema nimpe tatu kwa sababu ya vinyonga, eti tungelala tusingewaona. Hata mbili simpi, mpaka nione elfu ishirini yangu. Mfuko sikumrudishia, uko jikoni, tumewekea viazi vya Lukozi.